Mtoto wa siku mbili kwa juma

Maneno ya msimamizi wa etidi ya jioni mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba. Tumeyaandika karibu sawa alivyoyasema.



Komite imeniomba niseme juu ya etidi ya watoto. Najua wengi mnangojea habari ya benchi na ya mabati. Benchi ziko, mabati yako, mvua ikinyesha hatusikilizani lakini hatulowi tena. Hapo nimemaliza. Mambo ninayotaka kusema leo iko ndani ya kaye moja tu, kaye ya apeli. Hii hapa. Imechakaa kwa sababu inafunguliwa kila siku ya etidi, saa nane kamili, mbele ya kazi nyingine yote.

Mtu akifungua kaye hii haraka, atafurahi. Majina yamejaa kurasa. Na tukiandika ripoti kwa wafadhili, tunahesabu majina. Lakini mimi nawaomba msome kaye hii kwa upana, si kwa urefu. Mfuate mstari wa mtoto mmoja kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu juma linalofuata, halafu lingine. Hapo njo mtaona kwamba tuko na etidi mbili katika nyumba moja. Kuko watoto wanaokuja, na kuko watoto wanaopitia.

Tukumbuke kwanza hawa watoto ni nani. Sisi wakubwa tulikimbia mwaka 1996, tukavuka ziwa mpaka Kigoma, wengine Lugufu, wengine Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 boti za HCR zilianza kuturudisha mpaka Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na waliobaki wakapelekwa Nyarugusu. Kuna waliorudi kwa boti, kuna waliorudi kwa njia yao wenyewe kupitia Bujumbura na Uvira, na mpaka leo bado familia zinafika na mabegi yao. Lakini watoto wa etidi hawakukimbia kitu. Walizaliwa ng'ambo, ao wamezaliwa hapa na wazazi ambao masomo yao ilikatika njiani. Kwao, kurudi ni neno la wazazi. Wao wamefika tu mahali pageni ambapo wanaambiwa ni kwao.

Na mahali hapo pageni, darasani wanazungumza Kifaransa.

Waliosoma kambini walifuata programu ya Kongo, kwa hiyo wanajua kidogo. Lakini wale ambao wazazi wao waliishi kijijini ng'ambo ao mjini Kigoma, na ambao walisoma primeri ya Tanzania, wao wamefundishwa yote kwa Kiswahili. Si watoto wajinga. Mpe mmoja hesabu ya kugawanya kwa Kiswahili, ataimaliza kabla ya mtoto wa hapa. Mwandikie hesabu ileile kwa Kifaransa, anakuangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha madarasa ya chini kwa lugha za taifa, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Vizuri. Lakini mtoto anayeingia darasa la nne ao la tano hakuti Kiswahili tena kwenye tablo. Na mtihani wa mwisho wa darasa la sita, ule tuliozoea kuita TENAFEP, haumngojei.

Sasa nataka niwaonyeshe kwa nini siku moja ikikosekana, inakosesha zingine. Nitatumia neno moja tu. Mzee Prezidenti, niruhusu niandike kwenye tablo.

Oiseau. Ndege. Herufi sita.

Kiswahili chetu tunakisoma kama kilivyoandikwa. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amefundishwa kuamini herufi. Kwa hiyo akikuta neno hili anasoma kwa uaminifu wote: o-i-se-a-u. Darasa lote linacheka. Anakaa chini, na siku hiyo amejifunza kunyamaza, na kunyamaza mtoto anakujua haraka kuliko kusoma.

Neno hili Wafaransa wanalisoma karibu sawa na neno letu «wazo». Wazo! Watoto wanapenda sana kusikia hivyo, wanapiga makofi. Kati ya herufi zote sita, hakuna hata moja inayosikika kama inavyoonekana. Lakini si uchawi, kuko kanuni, na kanuni zinafundishwa moja moja. Jumatatu mwalimu anaonyesha kwamba o na u zikikaa pamoja zinasomwa kama u yetu. Jumanne anaonyesha o na i, zinasomwa wa. Alhamisi anaonyesha a na u, na pia e, a na u, zote zinasomwa o. Ijumaa anaonyesha kwamba s ikiwa katikati ya vokali mbili inageuka z. Halafu, mwisho wa Ijumaa, anaandika oiseau kwenye tablo na kunyamaza. Watoto waliokuwepo siku zote wanakaa kidogo, midomo inatembea, na mmoja anapiga kelele: wazo! Mimi nimesimama mlangoni siku hiyo zaidi ya mara moja. Benchi na mabati tumevijenga kwa ajili ya ile kelele.

Sasa muangalie mtoto aliyekuja Jumatatu na Alhamisi. Siku mbili kati ya nne. Mzazi wake anasema, «Mwalimu, si anakujaka?» Ndiyo, anakuja. Ana nusu ya masaa. Mbele ya neno hili, yeye anasoma «o-i-so». Hana nusu ya neno. Hana kitu. Na juma linalofuata mwalimu ameshaanza sauti za puani, on na an na in, na mtoto huyu anabeba deni la juma lililopita juu ya deni jipya.

Tupige hesabu. Etidi yetu ni siku nne kwa juma, masaa mawili, kutoka saa nane mpaka saa kumi. Tuseme majuma thelathini kwa mwaka. Ni masaa 240. Mtoto wa siku mbili anapata 120 kwenye karatasi. Lakini mwalimu naye, akiona nusu ya watoto hawakuwepo jana, anarudilia somo la jana kwa dakika thelathini ao arobaini. Hizo dakika anazilipa nani? Anazilipa mtoto aliyekuja siku zote. Yeye anakaa, anasikia mara ya pili jambo analolijua, anaanza kuchezea biki, na kisha siku moja na yeye haji, kwa sababu ameona kwamba asipokuja hapotezi kitu: watamrudilia. Kutokuja kunaambukiza, na kunaanza na mtoto aliye bora.

(Kwa marafiki wetu wa mbali, neno moja la pembeni. Mlitutumia vitabu vya hesabu kutoka Ufaransa, na tunawashukuru kwa kweli. Lakini vinaandika 70 kama soixante-dix, na 90 kama quatre-vingt-dix. Sisi hapa, sawa na Wabelgiji, tunasema septante na nonante. Mtoto aliyetoka kwenye «sabini» ya Kigoma, akafika kwenye septante ya hapa, halafu akafungua kitabu akakuta sitini-na-kumi, anahesabu kwamba tunamchezea. Tunavitumia vitabu, lakini mwalimu anapitia kwanza na biki.)

Sasa, kwa nini hawaji? Hapa nataka tuache kusema «wazazi hawajali.» Nimelisikia neno hili katika mikutano mingi, na silipendi. Mwezi wa pili tulitembelea nyumba za watoto ambao mistari yao ilikuwa na matundu mengi. Mama mmoja, anaisha muhogo sokoni, alinijibu bila kupandisha sauti: «Mwalimu, huyu mtoto njo mikono yangu.» Ana mtoto mchanga, ana mzigo, na siku ya soko mtu lazima abaki na mtoto. Msichana wa miaka kumi na mbili njo anabaki. Nilikuwa na maneno mengi ya kufundisha mama huyu, na nikayaweka mfukoni.

Na kwenye kaye, baada ya kutembea, tulianza kuona mambo ambayo macho yetu yalikuwa yanapita juu. Matundu ya wasichana yanaangukia siku za soko na siku ambazo maji hayatoki kwenye robine ya karibu. Matundu ya wavulana yanafuata mwezi. Nasema mwezi wa angani. Ninyi wavuvi mnacheka kwa sababu mnajua. Ndagala wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haifanyi kazi na pirogi zinapumzika. Kwa hiyo siku za giza wavulana wanaamka usiku kungojea mitumbwi, wanabeba, wanaanika samaki kwenye mchanga, asubuhi wanakwenda kusinzia shuleni, na saa nane hawana nguvu ya kutembea mpaka hapa. Mwezi ukirudi, na wao wanarudi. Mwalimu alikuwa anaita huo «uvivu wa kila mwezi». Kumbe alikuwa amesema kweli bila kujua.

Tulifanya nini? Somo jipya, lile gumu, tunaliweka siku za mwezi mkubwa wakati wavulana wako. Siku za giza tunafanya mazoezi na kusoma kwa sauti. Si dawa ya yote. Mtoto aliyeamka usiku bado ni mtoto aliyechoka. Lakini haikutuomba franka hata moja, ila kutazama juu. Na kwa wasichana, mama watatu wa mtaa mmoja wamepatana wenyewe: siku ya soko, mmoja anabaki na watoto wachanga wa wote watatu, kwa zamu. Ni likelemba, lakini pa nafasi ya pesa wanazungusha siku. Sikuwashauri mimi, walijipangia. Ningefurahi mama wa mitaa mingine wawaulize wao, wasiniulize mimi.

Iko pia sababu ya njaa, na nitaisema kwa ufupi kwa sababu wote tunaijua. Mtoto anatoka masomo ya asubuhi, nyumbani chungu hakijapanda motoni, na kitapanda magaribi. Tulijaribu biskuti. Siku ya biskuti nyumba ilijaa, watoto walisimama mpaka dirishani, wakafika hata ambao hawajaandikwa. Siku iliyofuata tulirudi palepale. Mimi sipingi kulisha mtoto. Napinga kumlisha siku moja ambayo mgeni amekuja na kamera. Kama ni uji, uwe uji mwepesi wa kila siku ya etidi, ao usiwepo. Kitu ambacho mtoto hawezi kukitegemea hakimfundishi kuja, kinamfundisha kubahatisha.

Hapo sasa nafika pahali pagumu kidogo, na naomba wazee wanivumilie. Mahudhurio si ya watoto peke yao.

Mwalimu wetu wa etidi anafundisha asubuhi shuleni. Tangu masomo ya primeri ya serikali ilipotangazwa bure, mwezi wa tisa 2019, watoto wameingia wengi, na ni vizuri, Katiba yenyewe ya 2006 ilikuwa imesema hivyo katika artiklo 43. Lakini mwalimu ni yuleyule mmoja, na benchi ni zilezile. Anafika hapa saa nane akiwa ameongea tangu saa moja na nusu. Kile tunachompa ni pesa ya kumtia moyo, si mshahara. Ikifika kwa wakati, anakuja. Ikichelewa miezi miwili, siku moja anakwenda kutafuta chakula cha watoto wake, na siku hiyo watoto wamekuja, wamekuta mlango umefungwa. Mtoto aliyekuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu haji kuangalia. Na ile pesa inachelewa kwa sababu gani? Kwa sababu michango yetu wanamemba inaingia yote mwezi wa tisa, tukiwa na moto wa mwanzo wa mwaka, na kufika mwezi wa pili kisanduku kinalia.

Kwa wafadhili nasema jambo lilelile kwa heshima. Msaada mkubwa unafika mara moja, na makaye na mabegi na picha. Tunashukuru. Lakini kama mngetuuliza kuchagua kati ya mabegi mapya ya watoto wote na pesa ndogo ya mwalimu iliyo hakika kila mwisho wa mwezi mpaka mwezi wa sita, tungechagua ya pili, na watoto wangebeba makaye kwenye mfuko wa plastiki kama walivyozoea. Mtoto hajaacha etidi hata mmoja, kwa ninayoyajua mimi, juu ya kukosa begi.

Na ripoti tunazowatumia zitabadilika. Hatutaandika tena «watoto walioandikwa» na kuishia hapo. Tutaandika ni wangapi walikuja angalau siku tatu kati ya nne katika kila mwezi. Namba hiyo itakuwa ndogo kuliko ile mliyozoea. Msishtuke na msifikiri kazi imerudi nyuma.

Kuna pendekezo mezani, mmelisoma wote: mtoto akikosa mara tatu bila sababu, afutwe, na nafasi yake apewe mwingine aliye kwenye orodha ya kungoja. Ninaelewa aliyeandika. Kuna watoto wanangojea kweli, na nafasi ni chache. Lakini mimi nitapiga kura ya hapana, na nieleze. Tukifuata kanuni hii mwaka mzima, nani atabaki? Atabaki mtoto ambaye nyumbani kuko dada mkubwa, kuko baba mwenye kazi, na maji iko karibu. Yaani atabaki yule ambaye angefaulu hata bila sisi. Na wa kwanza kufutwa ni yule msichana wa muhogo. Mitualite yetu haikuanzishwa kusaidia wenye nguvu wapate alama nzuri zaidi. Tulirudi hapa mikono mitupu na mtu hakutufuta kwenye orodha kwa sababu hatukuja kwenye kikao.

Lakini pia sikubali hali ya sasa, ya mtoto kuja na kutokuja kama upepo, na mtu hasemi kitu. Kwa hiyo mimi naleta hii pa nafasi ya ile. Mtoto akikosa siku mbili zinazofuatana, mwanamemba wa mtaa wake anapita nyumbani siku hiyohiyo ya pili, kabla ya usiku. Asingojee mwisho wa mwezi, na asingojee barua. Anapita, anasalimia, anauliza kuna nini. Mara nyingi ni malaria, na basi tumejua. Na mzazi naye ana deni moja: kama anajua mtoto hataweza kuja, atume neno, hata kwa mtoto wa jirani. Mtoto aliyekosa kwa sababu inayojulikana, mwalimu anamtengea dakika kumi kesho yake kabla ya wengine kuingia. Aliyekosa bila neno, mtaa unamfuata.

Watoto wakubwa wanahitaji jicho lingine. Msichana wa miaka kumi na mitatu anayekaa na wa miaka minane, magoti yake yanagonga benchi, hakosi kwa sababu ya maji ao ya soko. Anakosa kwa haya. Kwa huyu, etidi yetu siyo jibu pekee. Serikali ina mpango wa madarasa ya kukamata nyuma, yale yanaitwa CRS, ambapo miaka sita ya primeri inasomwa kwa mitatu, na anakaa na wenye umri wake. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asimfiche. Aje tuone pamoja kama kuna nafasi karibu, na kama hakuna, tumpe kikundi chake hapa, na wenzake wa kimo chake.

Nimesikia mtu hapo nyuma ananong'ona, «Na sisi tulisoma bila etidi.» Ni kweli, baba. Ulisoma katika lugha uliyoikuta nyumbani kwa mwalimu wako, darasani mlikuwa wachache, na hukuvuka mpaka katikati ya darasa la tatu.

Nimemaliza upande wangu. Kaye ya apeli naiacha hapa mezani, na pembeni yake nimeweka karatasi ya mitaa. Kila mtaa unahitaji watu wawili wa kupita nyumbani, mama mmoja na baba mmoja, na mtaa wa kando ya ziwa unahitaji wanne juu ya siku za giza. Mitaa miwili bado haina jina hata moja. Biki iko juu ya kaye. Kura ya pendekezo Mzee Prezidenti ataiongoza baada ya chai, na giza linaloanza juma kesho halitangojea mkutano mwingine, kwa hiyo naomba karatasi ijae kabla hatujatoka.